SPF 50 imeniacha na weupe wa chaki, na mabaka yako palepale

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 36 na rangi yangu ni nyeusi ya kukoza. Tangu nijifungue mtoto wa pili nina mabaka mashavuni na juu ya mdomo, na kila chunusi ikipona inaacha doa. Nilishauriwa kutumia sanskrini (krimu ya kukinga jua) ya madini, nikanunua ya zinki yenye SPF 50 kwa bei iliyoniuma. Nikiipaka nakuwa na weupe wa kijivu, hadi mtoto wa darasa la pili akaniuliza kama nimejifuta chaki usoni. Sasa napaka kidogo sana. Mwezi wa nne huu, tubu haijaisha na mabaka yako palepale, nadhani hata yamezidi. Je, mtu mweusi anahitaji kweli kitu hiki? Kama ndiyo, nichague ipi na niipakeje kwa joto na jasho la huku? Shoga yangu ananiambia niachane nayo, nitumie ndimu na manjano.

JIBU: Mwalimu, salama kabisa. Ushauri uliopewa haukuwa mbaya, ila ulikatwa katikati. Uliambiwa "ya madini" na hukuambiwa "ya madini yenye rangi". Kwa uso mweusi wenye mabaka, maneno hayo mawili yaliyobaki yana uzito kuliko ile namba 50 uliyoilipia.

Tuanze na kama unaihitaji. Melanini yetu, ile rangi ya asili ya ngozi, inakinga, hilo ni kweli. Vipimo vya maabara vya miaka ya 1970 viliikadiria kinga ya ngozi nyeusi kuwa kama SPF (namba ya kinga ya jua) 13, wakati ngozi nyeupe ilipata kama 3. Ndiyo maana huungui na jua ukababuka kama mtalii wa siku ya kwanza ufukweni. Lakini wewe hulalamikii kuungua, unalalamikia rangi. Chembe zinazotengeneza melanini katika ngozi yako ni nyepesi kuamka: zikiguswa na homoni za ujauzito, chunusi, mchubuko au mwanga, zinamwaga rangi, na zikishazoea kufanya hivyo mahali fulani hazihitaji kuchokozwa sana. Mtu mweusi asiye na mabaka anaweza kuishi na kofia na kivuli tu, nami sitamsumbua. Wewe unaihitaji.

Sasa kwa nini SPF 50 haikukusaidia. Namba ya SPF inapima jambo moja: ngozi inahitaji jua kiasi gani mpaka iwe nyekundu, na wekundu huo unaletwa zaidi na UVB, aina moja ya miale ya jua isiyoonekana (UV). Mabaka yana maadui wengine wawili. Wa kwanza ni UVA, aina nyingine ya miale hiyo, ambayo inapita kwenye kioo cha dirisha la darasa na la daladala. Zinki inaizuia vizuri kiasi, ikiwa imepakwa ya kutosha. Wa pili ndiye anayesahaulika: mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, hasa upande wake wa bluu na zambarau. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walimulika ngozi za watu kwa mwanga huo. Wenye ngozi za kahawia na nyeusi walipata weusi uliodumu hata wiki mbili. Wenye ngozi nyeupe hawakupata kitu. Yaani ni tatizo letu hasa, na kipimo cha SPF hakiligusi.

Hapo ndipo zinki yako inapokwama. Ili isiachie weupe mwingi, watengenezaji huisaga iwe chembe ndogo mno. Ikisagwa hivyo, mwanga unaoonekana unapita, na hiyo ndiyo sababu unaweza kuona ngozi yako chini yake. Ukiona sanskrini haionekani kabisa usoni, ujue na mwanga wa kawaida nao hauioni. Kinachouzuia ni oksidi za chuma: poda za rangi nyekundu, njano na nyeusi, zile zile zinazotia rangi faundesheni. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio la Mexico lililowalinganisha watu wenye mabaka kama yako, wote wakitumia dawa ileile ya kuondoa rangi. Kundi moja lilipaka sanskrini ya kawaida, la pili yenye oksidi za chuma. Baada ya wiki nane, kundi la pili lilikuwa limepona zaidi.

Kuna watu wanaamini sanskrini ya madini "inarudisha jua lilikotoka". Sehemu kubwa ya kazi ya zinki na titani ni kufyonza miale ya UV, kama zifanyavyo sanskrini za kikemikali. Kinachorudishwa ni kidogo. Sifa halisi ya madini ni upole: hayawashi macho ukitoka jasho, hayachokozi ngozi yenye chunusi kwa urahisi, na mjamzito anaweza kuyatumia bila wasiwasi. Kwako upole huo una maana, kwa sababu ngozi ikiwashwa, ukijikuna inaacha doa jipya.

Weupe wenyewe una sababu mbili. Titani inatawanya mwanga kuliko zinki, kwa hiyo ndiyo inayong'aza zaidi. Na chembe ndogo hutawanya rangi ya bluu kuliko nyekundu. Juu ya ngozi nyeusi bluu hiyo inasomeka kama kijivu au zambarau. Sio kwamba hujui kupaka. Wengi wanapewa ushauri wa kusugua mpaka ipotee. Msiufuate. Ukisugua hivyo unaichana ile tabaka inayokukinga, na bado unabaki na uso wa majivu.

Dukani, usiangalie picha ya jua mbele ya boksi, geuza nyuma. Kwenye viambato tafuta maneno "iron oxides", au namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo tatu ni nyekundu, njano na nyeusi. Zikiwepo zote, kuna matumaini kuwa rangi imetengenezwa kwa mtu wa kahawia. Titani ikiandikwa kwa namba ni CI 77891. Ikiwa peke yake bila zinki, ninaiacha rafuni, maana UVA ya mawimbi marefu inapenya. SPF 30 inatosha ikiwa imepakwa inavyotakiwa, 50 ni nzuri kwa sababu sote tunapaka pungufu, na za juu ya hapo mnalipia maandishi. Tafuta pia herufi UVA ndani ya duara, au PA (alama nyingine ya kinga ya UVA) yenye alama tatu au nne za kujumlisha.

Tatizo ni rangi zenyewe. Nyingi zinazoitwa "zinafaa kila mtu" zilichanganywa kwa ajili ya mtu mweupe aliyechomwa na jua kidogo. Kwetu zinatoa rangi ya chungwa au ule ukijivu uleule. Usijaribu kwenye kiganja au nyuma ya mkono. Paka kwenye taya, toka nje ya duka, subiri dakika kumi ikauke, kisha tazama kwenye kioo. Madini hubadilika yakikauka, na taa za dukani zinadanganya. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda duka lingine.

Na kama hupati rangi yako, au bei inazidi mshahara? Hapa nitatofautiana na wanaosema madini au hapana. Nunua sanskrini ya kawaida isiyoachia weupe, hata ya kikemikali, mradi haikuwashi na ina kinga ya UVA. Ipake kwa kipimo kamili, iache ikauke, kisha juu yake weka faundesheni nzito kidogo ya rangi yako au poda ya kompakti. Oksidi za chuma zimo humo. Ni njia ya watu wengi wenye akili na pochi ndogo. Usivichanganye tu kiganjani: ukichanganya unaipunguza sanskrini makali na kuivuruga inavyotandaza. Kwa sababu hiyohiyo usiikoroge na mafuta ya nazi wala gliserini. Na wale wanaokuja dirishani kwangu kuomba krimu ya zinki ya vipele vya nepi au losheni ya kalamini wakidhani wamepata njia ya mkato: zina zinki, ndiyo, lakini hazikutengenezwa wala kupimwa kukinga jua, na zinki yake hujikusanya mabonge.

Kipimo. SPF hupimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa uso, hiyo ni kama robo ya kijiko cha chai. Kwa uso na shingo, mistari miwili iliyojaa kwenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka nusu yake huna tena SPF 50, una nusu au chini ya hapo. Ukipaka uso kwa kipimo hicho mara mbili kwa siku, tubu ya mililita 50 haivuki mwezi. Ya kwako iko mwezi wa nne. Sikulaumu, nani angepaka zaidi kitu kinachomgeuza kichekesho mbele ya darasa? Lakini jibu la kwa nini mabaka hayajatoka limo humo kwenye tubu. Gharama hii ipige hesabu kabla ya kuchagua. Afadhali ya bei ya kati unayoipaka bila huruma kuliko ya ghali unayoipaka kwa kuibania.

Asubuhi nawa, paka dawa yako ya mabaka kama unayo, kisha losheni nyepesi kidogo au uiruke kabisa, maana Tanga hewa yenyewe imeshalowana. Kipimo kigawe mara mbili: tabaka la kwanza paka kwa kugusagusa, subiri dakika mbili tatu, weka la pili. Usisahau juu ya mdomo, ambako jasho huanzia, na kando za uso karibu na mtandio. Ipe robo saa kabla ya kuvaa. Kwa jasho chagua iliyoandikwa kuwa inastahimili maji kwa dakika 40 au 80, na ujipanguse kwa kubonyeza leso, si kufuta. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Najua mwalimu hana nafasi ya kunawa uso katikati ya vipindi. Bonyeza jasho likauke, kisha pitisha sanskrini ya kijiti au poda yenye rangi kabla ya kutoka nje wakati wa mapumziko. Haitalingana na tabaka la asubuhi, lakini inasaidia. Saa sita mchana miale ya UV ya pwani yetu mara nyingi hufika 11 na zaidi kwenye kipimo chake, kiwango cha juu kabisa, kwa hiyo mwamvuli kwenye paredi si ushamba. Meza yako ikiwa dirishani, isogeze. Mwanga wa simu usikutishe, ni mdogo mno.

Usiku watu wengi huharibu kazi ya mchana. Madini yenye rangi hayatoki kwa maji matupu, kwa hiyo wanachukua dodoki na kukwangua. Msuguano huo nao huleta weusi. Lainisha kwanza kwa mafuta mepesi ya kusafishia uso, pangusa taratibu kwa kitambaa laini, ndipo unawe kwa sabuni isiyo kali.

Kuhusu shoga yako. Manjano na liwa ni mambo yetu ya urembo na siyagombezi, ila hayakingi jua. Ndimu ni hatari hasa: maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi yanaiunguza, na yanaacha doa jeusi la miezi. Isiguse uso wako.

Kuna mambo mawili hukuyataja nami nayauliza. Kama unatumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni, vinaweza kuchochea mabaka; usiache ghafla, zungumza na muuguzi wa kliniki kuhusu njia nyingine. Na kama umewahi kupewa tubu ya "kung'arisha" dukani, au mkorogo, ilete uonyeshe. Vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku nchini, na vingine vina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe zinazokondesha ngozi hadi jua liingie zaidi. Steroidi ya muda mrefu nayo haikatwi siku moja, huachwa kwa usimamizi wa daktari wa ngozi.

Ukianza vizuri leo, usikague kioo kila asubuhi. Piga picha dirishani, uilinganishe na nyingine baada ya wiki kumi au kumi na mbili. Madoa ya chunusi hutangulia kufifia. Mabaka huchelewa, na yaliyozama chini ya ngozi huenda yasitoke yote. Yasipobadilika kabisa, muone daktari wa ngozi. Kuna dawa kama asidi ya azelaiki, lakini zote hufanya kazi nusu bila kinga hii.

Hiyo tubu uliyonayo usiitupe. Itumie shingoni na masikioni, au usoni chini ya faundesheni, safari hii kwa vidole viwili kamili. Kagua tu mchoro wa kikopo kilichofunuliwa nyuma yake: ukiandikwa 12M, una miezi kumi na miwili tangu siku uliyoifungua, ilimradi hukuiacha kwenye gari juani.