Kabla Oda ya Kompyuta ya Mezani Haijatoka

Vijana wetu, tunawapenda, lakini huku kuagiza mashine kwa kutazama umbo kumetuchosha. Kasha kubwa linaweza kuwa halipanuki hata kidogo, na ile iliyojengwa ndani ya skrini inaweza kumtosha mtu miaka mingi. Someni karatasi ya vipimo.

1. Kompyuta iliyojengwa ndani ya skrini, mara nyingi siku hizi, hupanuliwa siku ya kuiagiza, basi. iMac ya Apple ya inchi 27 ya 2020 bado ilikuwa na kimlango nyuma, RAM (kumbukumbu ya kazi) ikapanda hadi GB 128. Ya inchi 24 ya 2021 ilitoka na GB 8 au 16, na ulichochagua ndicho utakachobaki nacho. Mhasibu na mtu wa mapokezi wapeni hiyo bila wasiwasi. Mkumbuke tu kwamba skrini ikifa, mashine nzima iko mezani kwa fundi.

2. Pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha. Jamani, pawasaplai! Kila mara ni hadithi ileile: kasha la ofisini lenye wati 300, kisha inanunuliwa kadi ya grafiki ya wati 250. Sloti ya x16, inapochomekwa kadi, hutoa wati 75, plagi ya pini 6 hutoa 75, ya pini 8 hutoa 150. Plagi hazipo, kwa hiyo kijana anatafuta adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini 8. Plagi ya SATA hubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ukiidai 150, plastiki inayeyuka. Kinachowapoteza ni kwamba mashine inawaka vizuri, kwa kuwa kadi isiyo na kazi hula umeme kidogo. Mchoraji akianza kurenda, yaani kuigeuza kazi yake kuwa picha kamili, inazima ghafla. Hapo mnabadilisha draiva, mnafomati, mnahamisha RAM, siku tatu zinakwisha na kosa liko kwenye lebo ambayo hakuna aliyeisoma. Mkiamua kubadili pawasaplai, mnakuta mazabodi (bodi kuu) ya kiwandani haina plagi ya kawaida ya pini 24. Kadi inarudi kwenye boksi lake.

Hesabu ni fupi: prosesa 125, kadi 250, vingine 100, jumla 475. Agizeni wati 650. Pimeni na urefu wa kadi kwa milimita, mkiacha sentimita 3 za kukunja kebo.

3. RAM ya GB 32 kwenye sloti nne iwe vipande viwili vya 16, si vinne vya 8, ili sloti mbili zibaki za kuongezea. RDIMM (RAM ya seva) na UDIMM (RAM ya kompyuta za kawaida) hazichanganyiki.

4. Diski ndogo za M.2 ni za aina mbili za kuunganisha, SATA na NVMe, nazo zinafanana kwa macho, ulizeni.

Muuzaji awatumie picha mbili: lebo ya pawasaplai, na mazabodi kifuniko kikiwa wazi. Bila hizo, msisaini.