Maneno manne ya shangazi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama filamu za makala kuhusu mabadiliko ya tabianchi zinatuelimisha au zinatutia hofu tu. Nililisoma swali, nikaliacha, kisha nikalirudia. Hofu siyo inayonisumbua. Jambo lenyewe linatisha, na anayelitazama bila kuogopa hajalielewa. Kinachoniuma mimi ni ile sauti ya studio inayomfunika mtu anapozungumza.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaijua vizuri. Mkulima anatokea, anafungua mdomo, unasikia maneno mawili matatu ya Kiswahili, halafu sauti ya Kiingereza inapanda juu yake. Watazamaji wengine wanaifuata ile ya juu. Wewe unatega sikio uinase ile ya chini, na mara nyingine unagundua kwamba hao wawili hawasemi jambo moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani wa kikundi cha wapiga filamu. Walikuwa wanatafuta mtu anayeishi kando ya mto uliokauka, nikawapeleka kwa shangazi yangu. Walifika asubuhi, watu wanne na masanduku yao ya vifaa. Walikuwa waungwana, sitaki mtu adhani vinginevyo. Shangazi alikuwa amejiandaa. Amelima shamba lile kwa zaidi ya miaka 30, na ana daftari la mistari ambamo huandika siku mvua ya kwanza inaponyesha na siku anayopanda. Alilileta mezani, akalifungua, akaeleza kwa karibu dakika 40.

Alisema mambo mawili, na alisisitiza kuwa ni mawili. La kwanza, mvua imepoteza mpangilio. Inachelewa kuanza, na ikija inamwagika yote ndani ya siku chache, inasomba udongo pamoja na mbegu, kisha jua linabaki pale pale. La pili, mto haukukaushwa na ukosefu wa mvua. Ulikatika baada ya wenye mashamba makubwa kule juu kufunga pampu. Kabla ya pampu kulikuwa na miaka mibaya pia, daftari linaonyesha, na mto ulipungua hadi magotini lakini haukukatika. "Waambie wasiyachanganye," akaniambia. "Hili la mvua ni la dunia nzima. Lile la mto lina wenyewe." Niliwatafsiria neno kwa neno. Mwongozaji alitikisa kichwa kukubali na akaandika.

Kisha wakaomba wampige picha akichota maji mchangani. Shangazi akasema hachoti maji pale, ana tangi nyuma ya nyumba. Wakasema ni kwa ajili ya picha tu. Akachukua ndoo, akashuka. Mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Mara ya pili kivuli cha mpiga picha kiliingia. Kabla ya mara ya tatu mmoja wao alininong'oneza nimwombe avue saa ya mkononi. Sikuuliza kwa nini. Nilimwomba, akanitazama kidogo, akaivua na kunikabidhi. Mkanda wake ulikuwa bado na joto la mkono wake. Nilisimama ukingoni nimeishika, mshale wa sekunde unazunguka, na yeye kule chini anafukua mchanga mkavu kwa bakuli.

Filamu ilipotoka, shangazi alikuwamo kwa sekunde 11. Anatembea na ndoo, halafu uso wake unaonekana kwa karibu. Anasema, "Mto huu haukukaushwa na…" na hapo hapo sauti ya studio inaingia na kusema ukame umetunyang'anya kila kitu. Muziki unapanda. Daftari halimo, pampu hazimo.

Tulipoitazama pamoja nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya saa. Yeye hata hakuitaja. Aliuliza, "Na wale wa pampu wameiona?" Nikamjibu kwamba hata wakiiona, hawamo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wameponea hapo."

Tangu siku hiyo nazitazama filamu hizi kama mtu anayekagua hesabu, na makosa nimeyakuta. An Inconvenient Truth, ile ya mwaka 2006 ya Al Gore, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Marekani, ilisema theluji ya Kilimanjaro itakuwa imekwisha ndani ya muongo mmoja. Barafu ingalipo. Imepungua vibaya, zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, ila sababu yake si nyepesi kama tulivyoambiwa. Baadhi ya watafiti wa barafu ile wanaeleza kwamba kule kileleni baridi huwa chini ya sifuri, kwamba barafu nyingi hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza, na kwamba hewa ilianza kuwa kavu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 2007 kesi ya kupinga filamu hiyo isionyeshwe shuleni ilifika Mahakama Kuu ya Uingereza, na jaji akaorodhesha mambo 9 ambayo yalikwenda mbali kuliko wanasayansi walivyokubaliana. Kilimanjaro lilikuwa mojawapo. Wanaoikana sayansi yote wakapata cha kushika.

Mfano mwingine unaonikera zaidi ni wa Madagaska. Mwaka 2021 njaa ya kusini mwa kisiwa kile ilitangazwa kuwa ya kwanza duniani kuletwa na mabadiliko ya tabianchi. Desemba ya mwaka huohuo watafiti wa World Weather Attribution, kikundi kinachopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, walipiga hesabu, wakakuta mchango wa tabianchi katika kukosekana kwa mvua ile ulikuwa mdogo. Umaskini, miundombinu mibovu na kutegemea mvua pekee ndivyo vilivyougeuza ukame kuwa njaa. Lakini msikilize na upande wa pili. Watafiti haohao walipoupima ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwaka 2020, walikadiria kwamba joto tulilolisababisha sisi binadamu limefanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea takriban mara 100 zaidi. Weka picha za huku na kule pamoja: ardhi iliyopasuka, ng'ombe mbavu nje, mama na ndoo. Huwezi kuzitofautisha. Kamera inaonyesha kilichotokea. Kwa nini kimetokea, hilo linatoka kwa msimulizi, na msimulizi akikosea kuna mtu wa karibu anaponea, au wa mbali.

Hapo ndipo nilipopanga kuishia. Nilikaa kuandika nikitaka kusema filamu hizi zisionyeshwe shuleni kabisa. Nimefika hapa naona mkono hauandiki hivyo, na filamu mbili ndizo zinazonizuia.

Ya kwanza ni Chasing Ice ya mwaka 2012. Mpiga picha James Balog, ambaye mwanzoni hakuamini habari hizi, alifunga kamera Greenland, Iceland na Alaska kuanzia mwaka 2007, akaziacha zipige picha zenyewe miezi na miaka. Nyingine ziliharibiwa na baridi na upepo, wakazitengeneza upya. Ukizitazama picha zile zikipita kwa haraka, unaona mto wa barafu unarudi nyuma na kuacha mwamba mtupu. Kuna kipande cha mwaka 2008 pale Ilulissat, Greenland, ambapo mpasuko mmoja uliendelea kwa dakika 75, vipande vikubwa kuliko majengo vikibiringika baharini. Hakuna aliyeambiwa arudie kwa sababu ya mwanga. Jicho la mtu haliwezi kuona kitu kinachokwenda polepole kiasi hicho, na sijui njia nyingine ya kumwonyesha mtu aliye mbali. Nilipoitazama mara ya pili nilishtuka, kwa sababu ni daftari la shangazi lile lile: tarehe, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka.

Ya pili ni Thank You for the Rain ya mwaka 2017. Mkulima wa Kenya, Kisilu Musya, amepewa kamera na anajipiga mwenyewe na familia yake, hata dhoruba inapowabomolea nyumba, hadi safari yake ya Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2015. Anakosea, anachoka, anabishana na mkewe kuhusu muda anaoutumia nje ya nyumba. Hakuna wa kumvua saa.

Kwa hiyo nimebadilika, ingawa si kabisa. Yule jaji hakuikataza filamu ya Gore. Alisema hoja yake kuu ina msingi wa kisayansi, akaruhusu ionyeshwe shuleni mradi iambatane na maelezo kwa walimu. Zamani niliuona uamuzi ule kuwa wa kukwepa. Sasa naona ni wa haki, ingawa maelezo yanahitaji mwalimu mwenye muda wa kuyasoma, na wengi wetu tunazitazama filamu hizi peke yetu kwenye simu. Hata ile ya shangazi ningeionyesha. Nusu yake ni kweli. Mvua imevurugika, na hilo yeye ndiye wa kwanza kulisema.

Mwaka jana niliionyesha kwa binti yangu. Niliisimamisha kwenye maneno yale manne, nikampa daftari. Shangazi alinipa lile la kwanza lilipojaa, sasa anaandika la pili. Binti akasoma tarehe za mvua kwa sauti, mwaka hadi mwaka, mpaka akafika ukurasa ambapo neno PAMPU limepigiwa mstari mara mbili. Akaniuliza kama wale watu walijua. Nikamwambia walijua, niliwatafsiria mimi mwenyewe. Akauliza kama niliwaandikia baada ya filamu kutoka.

Sikuwaandikia. Anwani ya mwongozaji bado ninayo, na nikimaliza hii nitamtumia picha za kurasa zile, pamoja na tafsiri ya sentensi yote.