Usiache mstari wa jaji wazi

Kura yangu ya kwanza hapa Marekani niliipigia mezani jikoni, nyumbani kwetu Kent, maana jimbo la Washington hutuma karatasi za kura kwa posta. Nilijaza rais, nikajaza gavana. Kufika kwa majaji wa mahakama ya kaunti, ile iitwayo Superior Court, nikakuta majina nisiyoyajua, wala hakuna chama kilichoandikwa pembeni. Nikaruka, nikafunga bahasha, nikaenda kazini.

Baadaye dada yangu alifariki, na ikabidi niende mahakama hiyo hiyo kuomba ulezi wa mwanawe. Mama alitoa ushahidi kwa Kiswahili. Alipoulizwa kijana ni nani kwake, alijibu, "Ni mwanangu." Mkalimani akatafsiri hivyo hivyo, wakili akageukia makaratasi yake, kwa sababu mama wa mtoto alikwisha fariki. Jaji akaweka kalamu chini. Akaomba swali lirudiwe polepole: ni mtoto wa kumzaa, au mjukuu? Mama akafuta machozi, akaeleza. Kesi yetu ingeweza kuvurugika kwa neno moja.

Jioni nilitafuta historia ya jaji yule. Alikuwa ametetea washtakiwa wasio na pesa kwa miaka mingi, kisha akawa kamishna wa mahakama, yaani afisa anayewasaidia majaji kusikiliza baadhi ya kesi, ndipo akawa jaji. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi yangu ya kura. Nililiruka.

Sisi Wakenya tumezoea jaji wa Mahakama Kuu kuteuliwa na Rais baada ya Tume ya Huduma za Mahakama kumhoji, na lazima awe na uzoefu wa miaka 10. Washington katiba inamtaka awe wakili aliyekubaliwa katika mahakama za jimbo, basi. Haisemi wa miaka mingapi. Kazi ya kupima uzoefu umeachiwa wewe. Tena katika kaunti kubwa kama King, ambayo ndiyo yetu sisi wa Kent, mgombea asiye na mpinzani hupita bila jina lake kuchapishwa. Kwa hiyo ukiona majina mawili, ujue hapo kura yako inaamua kweli.

Kijitabu cha wapiga kura huja nyumbani bure. Usikitupe pamoja na matangazo. Mimi husoma kwanza sehemu ya uzoefu wa kisheria, shule baadaye. Natazama: amesimama mahakamani miaka mingapi? Upande wa mashtaka, utetezi, au kesi za familia? Amewahi kukalia kiti cha jaji kwa muda? Mahakama hii husikiliza mauaji, talaka, mirathi na kesi za watoto, hivyo aliyefanya kazi ya mikataba ofisini tu hunipa mashaka. Kisha naangalia Chama cha Mawakili cha Kaunti ya King kimempa daraja gani. Kuna wanaoambiwa wazi kwamba hawajafikia kiwango. Picha nzuri na orodha ya waheshimiwa wanaomuunga mkono havinisaidii sana.

Majaji hawa huchaguliwa kila baada ya miaka 4, na zamu ijayo ni 2028. Kama una kijana aliyesoma shule za hapa, mwombe awasomee wazazi kurasa za majaji kwa Kiswahili. Kwetu hufanyika Jumapili baada ya chakula. Mama, ambaye sasa ni raia, ndiye mwenye maswali mengi kuliko sote.