Noti za Kublai Khan na shaba ya Tughluq

SWALI: Kublai Khan wa China aliwafanya watu wapokee pesa za karatasi. Muhammad bin Tughluq, Sultani wa Delhi, alitoa sarafu za shaba, zikamshinda ndani ya miaka michache. Inakuwaje karatasi ishinde shaba? Na ni nani kati yao aliyeacha dola imara? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Anza kwa kuuliza nani angeweza kuzighushi. Noti za Kublai, zilizoanza 1260, zilichapwa kwenye karatasi ya magome ya mforsadi na kugongwa mihuri mikubwa myekundu. Maandishi ya noti yalitaja adhabu ya kughushi, yaani kifo, na zawadi kwa atakayemfichua mhalifu. Guan 2 (guan ni kipimo cha thamani ya noti) zilihesabiwa sawa na liang 1 (kipimo cha uzito) ya madini ya fedha, karibu gramu 40, na serikali ilizipokea kwa kodi.

Tughluq (1325–1351) aliamuru, karibu mwaka 1330, kipande cha shaba kihesabiwe sawa na tanka, sarafu ya Delhi ya madini ya fedha. Hapo ndipo alipokosea: hakikuwa na alama ya siri, kwa hiyo fundi yeyote mwenye tanuri na muhuri wa kugongea alikitoa nyumbani kwake. Watu wakalipa kodi kwa shaba, tanka za fedha wakazificha. Wafanyabiashara wa nje wakaikataa. Sultani akaifuta, akawalipa waliorudisha kwa tanka za fedha kutoka hazina. Milundo ya shaba ikabaki Tughlaqabad, ngome ya Delhi.

Hata hivyo, Kublai naye aliharibu. Vita vya Japani (1274 na 1281) na Java (1293) vilikula mali nyingi, noti zikachapwa kupita akiba, na mwaka 1287 noti mpya 1 ikabadilishwa kwa 5 za zamani.

Kwa dola, Kublai anamzidi mbali. Aliiunganisha China mwaka 1279, na mji mkuu wake, Dadu, ndio Beijing ya leo. Nasaba yake ya Yuan ilidumu hadi 1368. Tughluq alirithi dola kubwa, ikammegukia akiwa hai: Vijayanagara 1336, Bengal 1338, Bahmani 1347.

Ukitaka kumjua zaidi Tughluq, wasome Ziauddin Barani na Ibn Battuta kwa pamoja. Barani alikuwa mtu wa baraza lake, akaandika baadaye akiwa fukara aliyepoteza cheo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa kadhi wake Delhi, na habari zake ziliandikwa Morocco, ambako mkono wa Sultani haukufika.