Kutafuta amri za zamani kwenye terminali

Ndugu, umeuliza utaipataje tena amri ya rsync (programu ya kunakili mafaili) uliyoiandika mwezi uliopita; huenda imeshafutika. Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, usipoibadilisha hutunza amri 500 tu. Fungua .bashrc, faili la mipangilio yake, weka HISTSIZE=-1 na HISTFILESIZE=-1 ili kuondoa kikomo hicho, na shopt -s histappend ili madirisha ya terminali yasifutiane historia ya amri. Halafu bonyeza Ctrl+R: andika kipande unachokikumbuka, ukiibonyeza tena inarudi nyuma zaidi.

Ila kwa mtu mwenye miradi mingi kama wewe, mimi ningeweka Atuin, programu ya kutunza historia ya amri. Inaingiza kila amri kwenye hifadhidata ya SQLite pamoja na folda uliyokuwemo, saa, na kama ilifaulu, kwa hiyo unaweza kutafuta za mradi mmoja tu. Za zamani zilizosalia zivute kwa atuin import auto. Na tafadhali, nywila usiziandike ndani ya amri, zitabaki humo.