Usiku, maji ya kando ya barabara hufanana na lami

Gari letu liliingia bwawani saa nne na kitu usiku. Dereva nilikuwa mimi. Mdogo wangu wa kike alikaa kiti cha mbele, na mwanawe wa miaka sita alikuwa amelala nyuma. Tulikuwa tunatoka kumwona mama, kwa barabara niliyoizoea tangu siku nilizojifunza kuendesha. Mvua ilikuwa imekatika kama saa moja kabla. Sikuwa nimekunywa, simu haikuwa mkononi, na spidi ilikuwa 70 hivi. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kuniuliza kama nilisinzia au nilikuwa nimelewa. Nilikuwa macho, na nilikuwa naangalia mbele. Kilichonipoteza ni kile nilichokiona.

Niliona lami. Nyeusi, laini, inang'aa kidogo, imenyooka mbele yangu. Barabara yenyewe ilikuwa imekata kona kwenda kulia, lakini mvua ilikuwa imelijaza bwawa hadi usawa wa ukingo, na maji yakawa yamelala palepale ambapo barabara ingepita kama isingepinda. Nikanyoosha usukani, nikaenda nayo.

Tulitoka salama wote watatu, na nitaeleza tulivyotoka. Lakini kwanza nataka nieleze kwa nini macho yangu yalinidanganya, maana ukilijua hilo utaendesha tofauti kila unapopita kando ya bwawa, lambo, mto au mtaro mkubwa.

Wiki mbili baadaye nilirudi pale usiku na mdogo wangu, kwa miguu, kila mmoja na tochi yake. Nilimulika lami kavu, nikaona mwanga wote umetua pale nilipoulenga: vikokoto, ufa, mstari mweupe uliofifia. Kisha nikaisogeza tochi hadi kwenye maji. Ilikuwa kama imezimwa. Mbele yangu palikuwa peusi tu. Mdogo wangu, aliyekuwa amezunguka hadi ng'ambo ya bwawa, akaniita, "Kaka, shusha tochi, unanimulika machoni!" Mwanga wangu ulikuwa unagonga maji na kuruka kwenda kwake, kwangu haukurudi hata kidogo. Lami kavu ina vinundu vinavyotawanya mwanga kila upande, na sehemu yake hurudi kwa dereva. Maji yaliyotulia ni kioo kilicholala chini: taa za gari zinayagusa na kuendelea na safari yake mbele.

Sasa ongeza hili: lami iliyolowa nayo hufanya vivyo hivyo. Mvua ikishafunika vile vinundu, barabara na bwawa huwa na weusi uleule na mng'ao uleule. Ndiyo maana usiku wa mvua, au saa chache baada yake, ndio wakati wa kutoliamini jicho lako linapokuambia "barabara inaendelea."

Basi nikajifunza kusoma vitu vingine. Ninatafuta mstari wa ukingoni, na kama haupo ninafuata majani ya kando. Majani yakikatika ghafla na weusi ukaanza, mguu unatoka kwenye mafuta kabla sijajua kwa nini. Nikiona mti, nguzo au taa ya nyumba imesimama kichwa chini, hayo ni maji. Gari lililo mbele pia ni msaada mkubwa: taa zake za nyuma zikihama kwenda pembeni, barabara imepinda huko, hata kama macho yangu yanaona imenyooka. Na ile alama ya pembe tatu inayoonyesha gari likidondokea majini ipo kwa sababu, hata mahali ambapo mchana maji yanaonekana mbali.

Halafu kuna suala la spidi. Wengi tunaendesha kwa kadiri tulivyoizoea barabara, wakati usiku tunapaswa kuendesha kwa kadiri taa zinavyofika. Taa za dimu humulika vizuri mita 50 hivi, pengine pungufu kama ni chafu. Ukiwa na spidi 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Tangu uone kitu hadi mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwenda, yaani mita 33. Breki zenyewe kwenye lami kavu zinahitaji takriban mita 35 nyingine. Jumla inakaribia 70, na ulichomulikiwa ni 50. Hizo 20 zilizobaki unaziendesha ukiwa kipofu. Kwa spidi 60 hesabu inashuka hadi mita 45 hivi, na hapo unasimama ndani ya mwanga wako. Lami ikiwa imelowa, kipande cha breki kinaweza kurefuka maradufu, kwa hiyo hata 60 ni nyingi. Mimi nashuka hadi 50 au chini yake. Usiku ule na spidi yangu ya 70, hata kama ningelitambua bwawa pale taa zilipolifikia, nisingesimama.

Taa zangu nazo zilichangia, jambo nililoligundua baadaye. Buti lilikuwa limejaa mizigo. Uzito ukikaa nyuma, pua ya gari huinuka, na taa humulika matawi na macho ya madereva wanaokuja badala ya barabara. Magari mengi yana kitufe cha kushusha taa karibu na usukani, na nilikaa na gari langu miaka sita bila kukigusa. Kigeuze unapopakia mzigo. Na kabla ya safari ya usiku futa kioo cha mbele kwa ndani pia. Ule ukungu mwembamba wa vumbi na mafuta hauonekani mchana, ila taa za gari linalokuja zikiupiga, kioo chote kinakuwa cheupe.

Gari linalokuja likikumulika, usilitazame. Hamishia macho kwenye ukingo wa upande wako na upunguze mwendo, kwa sababu hata likishapita macho huchukua sekunde kadhaa kurudi sawa. Lakini kando ya maji usijibane sana ukingoni. Udongo wa pale hulowa kwa chini, ukawa laini huku juu ukionekana imara, na gari zito linaweza kuuvunja. Tairi moja likishashuka, kosa linaloua ni kukata usukani kwa nguvu ili urudi: gari hurudi kwa kishindo, likavuka barabara au likapinduka. Shika usukani sawasawa, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue mwendo, kisha urudi polepole.

Ukungu nao hupenda mabonde na mabwawa, hasa usiku mtulivu usio na mawingu, kuelekea alfajiri. Unaendesha mahali peupe kabisa, unateremka bondeni, ghafla umeingia ndani ya pamba. Usiwashe fulu, mwanga utakurudia usoni kama ukuta. Dimu, mwendo wa taratibu, na kama ni lazima kusimama, toka barabarani kabisa mahali unapopajua. Wanyama pia hufuata maji usiku, na watu wanaotembea kwa miguu hupita pembezoni mwa bwawa kwa sababu ndiko njia iliko. Usingizi sina haja ya kuurefusha: ukiona kope nzito, simama ulale dakika 20.

Maji yakiwa yamevuka barabara, kwangu jibu ni moja tu usiku: nageuza. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumfanya dereva wa gari dogo apoteze udhibiti. Sentimita 30 huweza kuyafanya magari mengi yaelee, na 60 huyabeba hata yale marefu tunayoyaona hayashindwi na kitu. Usiku huwezi kupima kina kwa macho, na wala huwezi kujua kama kalvati bado lipo chini au limeshachukuliwa. Kuona gari lingine limepita si ushahidi. Pengine lilipita dakika kumi kabla maji hayajapanda.

Sasa bwawani. Gari halizami papo hapo. Linaelea, kwa kawaida kati ya nusu dakika na dakika mbili, pua ikitangulia kushuka kwa sababu ya uzito wa injini. Mimi nilifanya kile ambacho nadhani wengi wangefanya: nilisukuma mlango. Ulikataa. Maji yakifika nusu mita tu juu ya sehemu ya chini ya mlango wenye upana wa mita moja, yanaukandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 125 hivi. Niliendelea kuupiga bega. Mdogo wangu, aliyewahi kufundishwa usalama kazini, akapiga kelele, "Kaka, achana na mlango! Kioo! Teremsha kioo!" Kitufe kilifanya kazi. Vioo vya umeme mara nyingi huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi hata gari likiwa majini, lakini maji yakishapanda hadi kwenye kioo yanakibana, na kushuka kwake kunakuwa shida.

Akamfungua mtoto mkanda, akanipa, nikamtoa dirishani nikamweka juu ya paa. Bado nausikia mkono wake umeng'ang'ania kola ya shati langu, akiita "Mjomba, mjomba," hajaamka vizuri. Mama yake akatoka upande wake, mimi nikafuata. Maji yalikuwa yananifika kifuani nilipokanyaga chini.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefanya majaribio ya kuzamisha magari yakiwa na watu ndani, na anachosisitiza ndicho alichokifanya mdogo wangu: mikanda ifunguliwe, vioo vifunguliwe, watoto watangulie, wote watoke, na haya yote ndani ya dakika ya kwanza. Simu ya kuomba msaada inapigwa ukiwa nje. Utasikia watu wakishauri usubiri gari lijae maji ili mlango ufunguke wenyewe. Tafadhali usimfundishe mtu hivyo kama mpango wa kwanza. Kusubiri ndani ya giza, maji yakiwa shingoni, na mtoto mkononi, ni kuitupa dakika pekee uliyonayo.

Nyundo ndogo ya kuvunjia kioo ni kitu kizuri, ila iwe mahali mkono wako unapofika ukiwa umefunga mkanda. Ndani ya buti haina maana yoyote. Piga kioo cha pembeni, karibu na kona yake. Kioo cha mbele usihangaike nacho, kina utando katikati na hakivunjiki kwa kupasuka vipande. Magari mengine ya siku hizi yana vioo vya aina hiyo hata milangoni, na nyundo haitavivunja. Tazama maandishi madogo kwenye kona ya kioo, au muulize fundi, ujue mapema ni dirisha gani la kutokea. Jua pia kitufe kinachofunga vioo vya nyuma kipo wapi. Wenye watoto huwa tunakiwasha na kukisahau.

Jaribu hivi nyumbani gari likiwa limesimama: fumba macho, fungua mkanda, tafuta kitufe cha kioo, tafuta mkanda wa mtoto. Mara ya kwanza nilipojaribu baada ya ajali, mkanda wa mtoto ulinichukua muda mrefu kuliko ningependa kukiri. Sasa nafanya bila kufikiri, na mpwa wangu anajua kujifungua mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la wanaoishi karibu na kona kama ile. Tuliandika barua kwa ofisi inayohusika na barabara, tukaomba kingo za chuma na nguzo zenye riflekta. Endeleeni kuandika, maana hiyo ndiyo dawa ya kweli. Lakini wakati tunasubiri, tulipata ruhusa tukachimbia miti tisa myembamba upande wa nje wa kona, kila mmoja umezungushiwa utepe unaong'aa ukimulikwa, kwenye kimo cha taa za gari. Tulianza kuiweka kabla kona haijaanza, kwa sababu dereva anatakiwa aione barabara inapinda akiwa bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Mwanzoni tuliipanga kwa nafasi sawa, mchana, ikapendeza. Usiku tulipopita na gari tukaona haisemi kitu. Ilibidi tuisogeze ikaribiane katikati ya kona. Ipimeni usiku, kwa gari, kutoka pande zote mbili, na mwifute tope kila baada ya mvua.

Mwezi uliopita nilipita asubuhi nikakuta miti miwili imelala, na alama za tairi zimeacha lami, zimepinda, zikaishia hatua tatu kutoka kwenye maji. Mtu huyo alikuwa ameshaondoka. Nikaisimamisha ile miwili, nikafuta utepe wake kwa shati, na jioni nikarudi na mti wa kumi.