Nyota nimeiona, mbona bei inapanda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana niko Chumbageni hapahapa Tanga, nimejifunza kendostiki, zile kendo zinazochora bei kwenye chati, miezi mitatu kwenye YouTube. Kila nikiona shutingi sta (nyota ya kushuka) nasell, yaani nauza nikitegemea bei ishuke, na kila nikisell inapanda. Wiki iliyopita nimechomwa mara nne kwenye dhahabu, chati ya dakika 5, nilikuwa na dola 140 sa hivi nimebaki na 61. Hizi kendo za kugeuka ni uongo au mi ndo sina macho?

Jibu: Marahaba mwanangu. Macho unayo, umeiona sura vizuri tu, ila hukuuliza imesimama wapi.

Kesho asubuhi shuka Deep Sea boti zikiingia, usinunue kitu, simama tu pembeni ya mnada. Tuseme fungu la samaki changu linaanza elfu 10, watu wanapandishiana, jamaa mmoja anaropoka elfu 25 kwa mbwembwe, wenzie wanamtazama tu, yeye mwenyewe anacheka anarudi nyuma, mnadi anahangaika kutafuta mwenye hela ya kweli mpaka fungu linaondoka kwa elfu 10 na mia tano. Huo mnada ukiuchora ndo shutingi sta yako hiyo, mwili mdogo huku chini (toka bei ya kuanzia mpaka ya kufungia) na utambi mrefu juu, angalau mara mbili ya mwili. Utambi ni bei iliyotajwa ikakosa mwenyewe.

Sasa, hiyo kelele ya elfu 25 ikitokea saa 12 na nusu asubuhi, wanunuzi wa mahotelini hawajafika hata, inakwambia nini kuhusu bei ya leo? Hakuna. Ikitokea saa 4, bei imepanda asubuhi nzima, af imegonga palepale ilipokwama jana na juzi, hapo ndo unaanza kusogeza sikio. Na kwenye chati ni hivyohivyo, kwanza bei iwe imetoka kupanda kweli, pili iwe imefika kwenye dari, yaani sehemu iliyowahi kuirudisha chini, tatu kendo iwe IMEFUNGA. Hili la tatu ndo linalowaua vijana wengi, mtu anaona utambi dakika ya pili anabonyeza sell, dakika ya tano kendo inafunga kijani nene, yaani bei imepanda, kama haikuwahi kuwa na utambi.

Halafu hiyo dakika 5. Siku ya masaa 24 ina kendo 288 za dakika 5, kwenye 288 lazima utakuta nyota kibao zilizojitokea tu zenyewe. Huu usomaji wa kendo sifa zake anapewa Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mchele wa Sakata huko Japani karne ya 18, enzi za soko la mchele la Dojima pale Osaka, na mzee yule chati ya dakika 5 hakuwa nayo. Nenda chati ya kendo za masaa manne au za siku nzima. Kendo ya siku kwa wakala wengi (kampuni zinazokuunganisha na soko) inafunga saa 6 usiku wa kwetu, na Marekani wakiingia majira ya baridi inakuwa saa 7, kwahiyo huna haja ya kukodolea macho simu mchana kutwa.

Mi mwenyewe ukinilazimisha nichague moja nachukua ingalfingi, ile kendo nyekundu, ya bei kushuka, inayoumeza mwili mzima wa kijani ya jana, kwa sababu pale wauzaji hawajatisha tu, wameshinda na kufunga siku mikononi mwao. Nyota ya jioni nayo naiheshimu: kijani ndefu, ya pili ndogo inasitasita, ya tatu nyekundu inashuka kupita nusu ya ile ya kwanza. Hengingi meni, yenye mwili mdogo juu na utambi mrefu chini, sina imani nayo bila kendo inayofuata kufunga chini yake, mana sura yake na ya nyundo, kendo ya kugeuka kupanda, ni moja, kinachotofautisha ni imetokea juu bei ikiwa imepanda au chini ikiwa imeshuka.

Ila tatizo lako kubwa mwanangu ni hesabu. Loti (kipimo cha ukubwa wa trade) 0.01 ya dhahabu kwa kawaida ni aunsi moja, bei ikisogea dola 1 na wewe umesogea dola 1. Stopu, ile bei ya kukutoa ukipata hasara, inakaa juu ya utambi, na utambi wa kendo ya siku kwenye dhahabu unaweza kukutaka dola 30, hiyo ni nusu ya hela yako kwa trade moja! Hapo hata ukisoma kendo kama Mjapani utaishia waja leo waondoka leo. Achana na dhahabu kwanza. Fungua demo (akaunti ya hela za mazoezi) au akaunti ya senti, inayohesabu kwa senti badala ya dola, hatari isizidi asilimia 1 kila trade, na kama toka dari mpaka sapoti, sakafu ya bei huko chini, hakukupi angalau mara mbili ya stopu yako, iache ipite.

Swali: Asalaam aleykum. Mi mama wa maandazi, Ngamiani, usiku nikishawalaza watoto natazama chati. Juzi nilisell euro kwa dola baada ya ingalfingi nzuri kabisa, stopu pipsi 3 (hatua ndogo za bei) juu ya utambi, nikalala. Naamka nimetolewa, na kwenye chati bei haijafika pale! Wakala kaniibia?

Jibu: Waaleykum salaam dada yangu. Inawezekana hakukuibia. Bei ziko mbili kama duka la kubadili fedha, ya kuuzia na ya kununulia, na chati ya MetaTrader, ile programu ya kutredia, kwa kawaida inakuchorea ile ya chini tu. Ukisell unaingia kwa ya chini lakini kutoka lazima ununue, kwahiyo stopu yako inaguswa na ile ya juu usiyoiona. Sasa ikifika saa 6, saa 7 usiku New York wamefunga, soko jepesi, spredi (pengo la hizo bei mbili) inatanuka, pipsi 3 zinamezwa kirahisi mno. Washa laini ya aski, yaani ile bei ya juu, kwenye mipangilio ya chati utaiona kwa macho yako. Siku nyingine ongeza spredi ya usiku juu ya stopu, na loti upunguze ili hasara ibaki ileile. Angalia pia kwenye historia ulitolewa saa ngapi, kama ni mchana kweupe soko limechangamka na spredi ilikuwa vile, basi hama wakala.

Swali: Mwalimu, hizi kendo naweza kutumia kwenye hisa za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam? Niko Pongwe.

Jibu: Kwa shida. Kuna hisa zinapita siku nzima bila kuuzwa hata moja, kendo inakuwa kistari tu, na kistari hakina habari. Wewe soma hesabu za kampuni na gawio, kendo waachie wenye soko lenye watu.